Rili za muziki wa majaribio kurudi kwenye CD: kiwandani, kuchoma mwenyewe au kuikabidhi lebo?

Mzee mmoja wa Kanyenye, hapa Tabora, mstaafu wa reli, aliniita nyumbani kwake nikamwangalizie “vitu vya zamani”. Chini ya kitanda kulikuwa na boksi la sabuni lenye rili kumi na moja za kanda za sauti, kaseti kadhaa zisizo na majina, na mashine ya kuchezea rili ya Grundig ambayo belti yake ilishayeyuka ikawa kama lami.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wenzetu enzi zile walipiga dansi. Mimi na marehemu rafiki yangu tulipiga vitu visivyo na jina.”

Ukitaja muziki wa zamani hapa Tabora, mtu atakutajia Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz kabla hujamaliza sentensi. Ukiteremka na treni hadi Kigoma utaambiwa Lake Tanganyika Jazz. Ndani ya rili za mzee hamkuwa na dansi hata moja. Kulikuwa na kichwa cha treni kikipanga mabehewa usiku pale stesheni, gitaa lililolegezwa nyuzi mpaka likawa linakoroma, manyanga yaliyorekodiwa kwa mwendo wa haraka na kuchezwa polepole yakasikika kama mawe yanayoporomoka, na watu wawili wakicheka kinyumenyume.

Msidhani ni wehu wa mji mdogo. Paris, mwaka 1948, fundi wa redio Pierre Schaeffer alirekodi treni kwenye stesheni ya Batignolles, akazikata na kuzirudiarudia hadi zikawa kipande cha muziki. Miaka minne kabla yake, 1944, kijana wa Kimisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwenye waya jijini Kairo, akaenda nayo kwenye zaar, ambayo ni ndugu wa ngoma zetu za kupunga pepo, kisha akaichuja ile sauti na kuitia mwangwi mpaka ukabaki mvumo tu. Kazi hiyo ilikaa zaidi ya nusu karne kabla kipande chake hakijatoka kwenye CD. Wazungu muziki wa namna hii huuita avangadi. Mimi nitauita muziki wa majaribio, kwa sababu ndivyo mzee alivyoniambia: “Tulikuwa tunajaribu.”

Tangu nianze kuhangaika na boksi lile wengine wamenijia na maboksi yao, mmoja akitokea Ujiji, mwingine Urambo, na swali lao ni moja: tukitaka kuzitoa upya kwenye CD, tupite wapi? Njia ziko tatu. Unaweza kupeleka kazi kiwandani zikafyatuliwa CD mia kadhaa, unaweza kuchoma mwenyewe moja moja kadiri zinavyohitajika, au unaweza kuikabidhi lebo ya nje, yaani kampuni ya kutoa muziki, kwa leseni ikafanya yote. Nimeigusa kila moja kwa kiasi chake, na kila moja imenipa raha na karaha.

Vigezo vyangu

Nitazipima njia zote kwa mambo matano. La kwanza ni sauti: kilichomo kwenye rili kitamfikia msikilizaji bila kukatwa, kubanwa wala kupambwa? La pili ni fedha na idadi. La tatu ni uhai wa diski kwenye joto na vumbi letu. La nne ni haki na jina, maana yake nani anaandikwa, nani analipwa, na nani ana neno la mwisho. La tano ni msikilizaji: yuko wapi, na ana chombo gani cha kuchezea.

Hili la tano watu huliruka, halafu linawagonga mwishoni. Hapa Tabora CD inachezwa kwenye deki ya DVD sebuleni au kwenye redio ya gari la zamani, basi. Vijana muziki wao uko kwenye simu na flashi. Wanaonunua CD za muziki huu wa ajabu wako zaidi Ulaya, Japani na Marekani, na wengi wao wanakijali kile kijitabu kilichomo kwenye jaketi karibu sawa na sauti yenyewe: wanataka kujua nani, wapi, kwa mashine gani, na kwa nini gitaa linakoroma.

Kwa nini CD basi? Kwa sababu ya urefu na ukimya. CD iliingia sokoni mwaka 1982, na siku hizi hubeba hadi dakika 80, wakati upande mmoja wa santuri ukizidi dakika ishirini na kidogo sauti huanza kunywea. Muziki wa majaribio mara nyingi ni mrefu na wa chini. Mfaransa Éliane Radigue ana kazi iitwayo Trilogie de la Mort, yenye sehemu tatu, kila moja karibu saa nzima. Ilitoka mwaka 1998 kwenye CD tatu, sehemu moja diski moja, hakuna kugeuza upande katikati. Rili ya sita ya mzee ina dakika arobaini na nne za sauti moja inayobadilika kidogo kidogo kama rangi ya anga jioni. Ungeikatia wapi?

Kwanza mvua ya mzee

Kabla ya kuchagua njia kuna kazi ya kuhamisha rili kwenda kwenye kompyuta. Ni ileile popote utakapoelekea, na hapo ndipo toleo linapopona au linapokufa.

Hedi za mashine, zile zinazoisoma kanda, zisafishwe kwa spiriti kila baada ya rili. Mwendo uhakikiwe: mashine za nyumbani zilirekodi kwa sentimita 9.5 au 19 kwa sekunde, za studio mara nyingi kwa 38. Kwenye dansi ukikosea mwendo utajua papo hapo, mwimbaji atakuwa chura au kifaranga. Kwenye muziki wa majaribio unaweza kusikiliza mwezi mzima usijue. Sisi tuliokolewa na honi ya treni. Nilipocheza rili ya kwanza kwa mwendo wa chini mzee alitikisa kichwa: “Hiyo honi si ya hapa.” Nikapandisha. Akatabasamu.

Kanda ikinuka siki ni ya asetati, aina ya zamani ya plastiki, na imeanza kuoza, ihamishwe kwanza kabla ya nyingine. Baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake hunyonya unyevu ikanata kwenye hedi mpaka mashine inapiga kelele. Wataalamu huzioka kwa joto dogo la nyuzi hamsini na kitu kwa saa kadhaa ili zichezeke. Asetati haiokwi kabisa. Na kama hujui ni ipi, usijaribu, hasa si juu ya jiko la mkaa. Wa Kigoma mna adui mwingine, kuvu la ukanda wa ziwa. Kanda yenye madoa meupe isikae karibu na nyingine wala isipite kwenye mashine kabla ya kusafishwa.

Hamisha kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, uhifadhi faili hizo mahali pawili. CD yenyewe ni biti 16 na sampuli 44,100. Inatosha kabisa kwa sikio, ila ni nakala ya kwenda kwa watu, si ya kuweka kabatini kama mama wa kazi.

Sasa kusafisha. Rili ya nne ilikuwa na mvumo mzito wa “shiii” tangu mwanzo hadi mwisho. Nikaona ni kelele ya kanda, nikaipitisha kwenye programu ya kuondoa kelele. Ikatoka safi kama maji ya chupa. Nikampelekea mzee kwa majivuno. Alisikiliza kimya, akavua miwani.

“Mwanangu, mvua yangu umeipeleka wapi?”

Ilikuwa mvua ya Januari juu ya bati. Waliirekodi makusudi, na kipande kizima kilikuwa mvua ile, gitaa likiingia na kutoka ndani yake kama mtu anayetafuta pa kujibanza. Mimi nilikuwa nimembakiza mtu na kuifuta mvua.

Tangu siku hiyo siondoi kitu ambacho mwenye kazi hajakiita kelele. Mkwaruzo unaweza kuwa wa santuri iliyotumiwa ndani ya utunzi; Schaeffer mwenyewe alianza kwa kucheza na santuri, kabla ya kanda. Mlio wa “tak” unaweza kuwa pale walipokata kanda kwa wembe na kuiunga. Ninachogusa bila kuuliza ni mngurumo wa umeme ulioingia kwenye mashine yangu mimi, na huo nauzuia kwenye waya kabla ya kurekodi.

Njia ya kwanza: kufyatua kiwandani

Hapa unatuma faili, kiwanda kinatengeneza bamba la kioo, kutoka kwenye bamba wanapata muhuri wa chuma, na muhuri huo unafyatua diski za plastiki ambazo hupakwa alumini na vanishi juu yake. Data imo kwenye umbo la plastiki yenyewe.

Sauti. Kiwanda hakigusi kitu. Kinapokea mkusanyiko wa faili uitwao DDP, unaosema kipande kipi kinaanzia wapi na kama kati ya vipande kuna kimya au hakuna, na kinanakili hivyo hivyo. Hatari iko kabla ya hapo, kwa yule utakayempa mastaringi, yaani kuiandaa sauti kwa mara ya mwisho. Vijana wetu wa studio wamezoea kupandisha kila kitu kisikike kama Bongo Fleva kwenye daladala. Ukimpa kipande chenye dakika tatu za karibu kimya na kishindo kimoja, atakipandisha kimya na kukibana kishindo, vikutane katikati, na kazi imekwisha. Kaa naye. Mkatalie kwa upole, halafu mkatalie tena.

Fedha na idadi. Viwanda vingi huanza kukubali kuanzia nakala 300 au 500, na vinavyopokea kazi za lebo ndogo viko zaidi Ulaya na Asia. Bei ya diski moja moja huonekana ndogo mpaka uongeze kijitabu, usafiri, ushuru, na nauli ya mzigo kutoka Dar hadi huku. Ukitaka kuuza nchini, mwaka 2013 kazi za muziki ziliwekewa stempu za kodi za TRA, kwa hiyo uliza ofisi yao utaratibu wa sasa kabla ya kuagiza, si mzigo ukiwa bandarini.

Uhai. Hii ndiyo inayodumu kuliko CD ya kuchoma. Hitilafu zimewahi kutokea: mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kiwanda kimoja Uingereza kilitoa diski ambazo baadaye ziligeuka rangi ya shaba na kuacha kusomeka. Lakini diski nzuri, ikikaa kivulini ndani ya kasha lake, haina wasiwasi mwingi.

Haki. Wewe ndiye mtoaji, na mzigo wote wa haki ni wako. Nimejifunza kuhesabu watu watatu, yaani aliyetunga, waliopiga, na aliyerekodi. Sheria ya hakimiliki ya 1999, iliyoanzisha COSOTA, chombo cha hakimiliki nchini, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Rafiki wa mzee alikwishafariki, kwa hiyo nusu ya kazi ilikuwa mikononi mwa watoto wake, na watoto wako Ujiji. Nikapanda treni. Walinipokea kwa dagaa na ugali, wakasikiliza sauti ya baba yao ikicheka kinyumenyume, binti mkubwa akatoka nje kwa muda. Hatukuongea makaratasi mpaka kesho yake. Walitia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wakaomba jambo moja tu: jina la baba liandikwe kamili, si kwa herufi za kwanza. Nimeona matoleo ya gharama kubwa ambayo hayakufanya hata hilo.

Msikilizaji. Kiwanda kinakupa diski, hakikupi wanunuzi. Nakala mia tano ni nyingi mno kwa muziki ambao jirani yako ataudhani ni redio mbovu. Bila msambazaji nje, unaweza kutoa boksi moja chini ya kitanda ukarudisha matano.

Inamfaa taasisi yenye maktaba ya sauti na bajeti, chuo, au familia yenye ndugu nje wa kusaidia kuuza. Mfano mzuri ni INA-GRM, kituo cha utafiti wa muziki cha Ufaransa, ambayo mwaka 2008 ilitoa kazi za mtunzi Bernard Parmegiani kwenye CD 12 katika kasha moja. Kazi ya namna hiyo inataka mkono wenye uwezo, na ikifanyika inakuwa mnara.

Njia ya pili: kuchoma mwenyewe

Watu hudhani kuchoma ni njia ya maskini. Basi waangalie Folkways. Lebo hiyo ya New York ilianzishwa 1948 na ikakusanya matoleo 2,168, pamoja na ya muziki wa majaribio ambayo hayakuwa na wateja wengi hata enzi zake. Taasisi ya Smithsonian ilipoichukua mwaka 1987 ilikubali sharti la kutoacha toleo hata moja liishe. Utafanyaje hivyo kwa santuri inayonunuliwa na watu wawili kwa mwaka? Wakawa wanatengeneza nakala pale tu mtu anapoagiza, na CD za kuchoma zikawa sehemu ya jibu lao.

Sauti. Ukichoma vizuri, sauti ni ileile ya kiwandani, tarakimu kwa tarakimu. Mtego uko kwenye mpangilio. Programu nyingi, usipoziambia vinginevyo, huweka sekunde mbili za kimya kati ya kipande na kipande. Nilichoma nakala ya kwanza ya rili ya sita, ile ya dakika arobaini na nne, nikiwa nimeiwekea alama tano ili mtu aweze kuruka mbele. Mzee akasikiliza, akaniuliza, “Nani huyu anayekata pumzi hapa katikati?” Ilikuwa zile sekunde mbili, mara nne. Chagua kuchoma diski nzima kwa mpigo mmoja, weka kimya sifuri, na usikilize nakala nzima kabla ya kutoa nyingine. Mwendo wa kuchoma uwe wa wastani, si ule wa haraka kabisa.

Fedha na idadi. Unaanza na diski kumi. Ukiuza, unanunua nyingine kumi. Kijitabu unakichapa mjini, unakikunja mwenyewe usiku mbele ya taarifa ya habari. Gharama ya diski moja huwa juu kuliko ya kiwandani ukihesabu wino na muda wako, lakini hakuna fedha iliyolala.

Uhai. Hapa ndipo udhaifu ulipo. CD ya kuchoma huandikwa kwenye rangi, na rangi huchujuka kwa jua na joto. Diski iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari mwezi wa kumi, Tabora, usiitegemee. Nunua diski zenye sifa, usizibandike lebo za karatasi, andika kwa kalamu isiyo na spiriti na ukae karibu na tundu la katikati. Waambie wanunuzi ukweli: hii ni ya kusikiliza, na ikiharibika rudi, nitakuchomea nyingine bure. Ahadi hiyo imeniletea wateja kuliko tangazo lolote.

Haki. Sheria ni ileile, vishawishi ni vikubwa zaidi. Kwa kuwa hakuna kiwanda kinachokuuliza hati, ni rahisi kuchoma kazi ya mtu bila kumtafuta. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na mfululizo wa CD za kuchoma uitwao Creel Pone, ulionakili santuri adimu za muziki wa elektroniki pamoja na majaketi yake, bila leseni rasmi. Mashabiki waliupenda, na nakiri uliwafanya watu wasikie vitu vilivyokuwa vimezikwa. Lakini niliwaza, kama yule binti wa Ujiji angekuta sauti ya baba yake kwenye diski ya mtu asiyemjua, ningemweleza nini?

Msikilizaji. Huyu ni wa mkononi: familia, wanafunzi wa muziki, mtangazaji wa redio ya mkoa, mgeni anayepita. Kumbuka deki nyingine kuukuu hukataa CD za kuchoma, kwa hiyo jaribu kwenye mashine mbili tatu za mtaani.

Inamfaa mwenye rili chache, mwenye subira, asiyejua kama wapo watu ishirini wanaotaka kusikia.

Njia ya tatu: kuikabidhi lebo ya nje

Zipo lebo ambazo kazi yao ndiyo hii. Sub Rosa ya Brussels ilianza mwaka 2001 kutoa mfululizo wa CD wa muziki wa kelele na elektroniki, ikichanganya wakongwe na wapya. Kwa upande wetu, SWP ya Utrecht ilitoa kwenye CD rekodi ambazo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizifanya Tanganyika mwaka 1950, na Buda Musique ya Paris ina mfululizo wa Zanzibara wenye taarabu na dansi. Hizo mbili za mwisho si za muziki wa majaribio, ila zinaonyesha kuwa sauti za kwetu zinaweza kutolewa kwa heshima na mtu aliye mbali.

Sauti. Mara nyingi wana mafundi bora kuliko sisi, na mashine ambazo hatutazipata. Ila wana ladha yao. Watataka “kilicho bora”, na kilicho bora kwao kinaweza kuwa treni kwa sababu inafanana na ya Schaeffer, wakaiacha mvua. Mwenye kazi asikilize masta, yaani nakala ya mwisho, kabla haijaenda kiwandani, na hilo liandikwe.

Fedha na idadi. Gharama ni zao. Wewe unapata malipo ya awali kidogo, au asilimia ya mauzo, au vyote. Usitarajie nyumba. Nakala mia kadhaa za muziki huu zikiisha, lebo hushangilia.

Uhai. Diski ni za kiwandani, tena wengi wao huweka pia faili mtandaoni.

Haki. Soma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Lebo moja ilinitumia karatasi iliyotaka haki za rekodi zote “milele, duniani kote, kwenye vyombo vilivyopo na vitakavyobuniwa”, na ikaomba rili halisi zitumwe kwa posta. Niliwasomea watoto wa marehemu neno “milele” kwa simu. Kimya. Kisha kijana akasema, “Kaka, hata shamba huwa hatukodishi milele.” Tukajibu kwa kuomba leseni ya miaka mitano, kwa CD tu, rili zibaki Tabora na tutume faili. Hawakujibu tena. Wapo wanaokubali masharti hayo bila ubishi, kwa hiyo usiogope kuyataja.

Msikilizaji. Hapa njia hii inazishinda nyingine kwa mbali: maduka, waandishi wa muziki, redio za usiku huko Ulaya. Kinachosahaulika ni nyumbani. Omba nakala kadhaa za bure kwa familia na maktaba, na ruhusa ya kuchoma nakala za kuuza ndani ya nchi. Omba pia kijitabu kiwe na Kiswahili, hata ukurasa mmoja. Inauma kuona hadithi ya mtu wa Kanyenye imeandikwa kwa lugha ambayo wajukuu wake hawaisomi.

Inamfaa mwenye rekodi zilizokamilika, haki zilizonyooka, na mtu wa kumsaidia kusoma mkataba.

Santuri na intaneti

Wataniuliza, nipite haraka. Santuri imerudi na jaketi lake linapendeza, lakini kuitengeneza ni ghali, na ukimya wake haubaki kimya baada ya miezi kadhaa ya vumbi letu. Kwa vipande vifupi vyenye kelele inakubali. Intaneti inafika kila mahali, na kwa vijana wa hapa ndiyo mlango pekee. Ila huko faili mara nyingi hubanwa, na spika ya simu haitoi mngurumo wa kichwa cha treni hata kidogo. Hakuna kinachokuzuia kutoa CD na kuweka kipande kimoja mtandaoni kama kionjo.

Uchague ipi

Kama una rili moja au mbili na wahusika wote wako hai na wako karibu, choma. Toa nakala kumi, wasikilize, waseme wanataka nini. Mnaweza kwenda kiwandani mwakani, faili haziozi mkizitunza.

Kama rekodi ziko chini ya shule, parokia au redio, na kuna ofisi inayoweza kuweka saini na kutafuta ufadhili, nendeni kiwandani kwa nakala 300, na nakala za kwanza ziende maktaba kabla ya dukani.

Kama mtu wa nje amekwishakuandikia akisema amesikia habari za kanda zako, usikimbie wala usirukie. Mtumie dakika mbili, si zote, na mkataba mfupi ulioandika wewe. Jibu lake litakuambia ni mtu wa namna gani.

Kama haki hazijanyooka, mtunzi hajulikani, au ndugu wana mgogoro wa mirathi, hamisha rili, hifadhi faili, na usitoe chochote kwa njia yoyote mpaka wakae chini. Nimekwishashuhudia CD ikiwa kichwa cha ugomvi msibani.

Kama fedha ipo kidogo lakini wasikilizaji unaowawazia wako nje tu, lebo kwa leseni fupi ina maana zaidi kuliko kiwanda. Kama unaowawazia ni watu wa Isevya, Cheyo na Ujiji, choma, na uweke siku moja jioni mkasikilize pamoja, maana kijitabu hakiwezi kueleza kinachoelezwa na mzee mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti.

Sisi kwa zile rili kumi na moja tumechoma nakala arobaini hadi sasa. Mzee anataka kwenda kiwandani, watoto wa Ujiji wanataka kusubiri, mimi niko katikati na mashine yenye belti mpya.

Na kama ndiyo kwanza umelifungua boksi, hujui hata kilichomo, basi usichague njia. Zisimamishe rili wima kama vitabu, zitoe sakafuni, ziweke mbali na spika, andika kwenye kila boksi kile anachokikumbuka mwenyewe leo, hata kama ni “mvua, usiku, mimi na yeye”, halafu katafute belti.